Usiuze bunju usiyemjua

Jamani, ukiuza samaki wa mapambo mtandaoni, jina la samaki ndo bidhaa yenyewe. Nilijifunza kwa hasara. Nilipata bunju wadogo wa maji baridi, urefu wa kidole, nikapost: "Anakaa tangi lolote." Dada mmoja akamchukua mmoja, tangi lake lita 100. Mwaka haujaisha ananitumia video: samaki anageuka kwa shida, wenzake wamekatwa mapezi. Nikarudisha hela, nikamchukua samaki wangu.

Kumbe ni mbu, Tetraodon mbu, wa Ziwa Tanganyika na mto Kongo. Huyu anapita sentimita 60! Mtambue kwa michoro inayojipindapinda mgongoni kama vichochoro vya uswahilini, na tumbo la njano. Fahaka, wa Nile na Turkana, ana mistari inayokwenda ubavuni kuelekea mkiani. Wote wawili wanataka kukaa peke yao, na meno yao hayaachi kukua, so konokono na magamba yake ni lazima. Ukimpa minofu tupu, meno yanarefuka mpaka anashindwa kula. Na ana sumu, asiishie jikoni.

Wengine wanasema ukimwambia mteja yote hayo anakimbia. Kweli, wapo wanaokimbia. Mimi siku hizi naandika ukubwa wa mwisho kabla ya bei, na naomba picha ya tangi kabla sijapokea hela. Yule dada bado ananunua chakula cha samaki kwangu. Mbu naye bado yuko hapa, konokono anaokula wameshapita faida niliyotegemea.