Rekodi Moja Haitoshi Kuujua Wimbo

Kila mwaka, majira ya Tamasha la Muziki la Kenya yanapowadia, kwaya za shule huanza kuusaka wimbo wa lazima. Tamasha hilo, lililoanzishwa mwaka wa 1927, limewalea wanamuziki wengi na halistahili kulaumiwa. Linalostahili kuangaliwa ni mazoea yaliyojipenyeza shuleni. Mwalimu hupata rekodi moja ya wimbo, akawasikilizisha wanafunzi kwa simu, nao wakaiga kila pumzi na kila mvuto wa sauti hadi wakafanana na waliorekodi. Siku ya mashindano ikifika, jukwaani hupanda kivuli cha kwaya nyingine. Mazoea haya yanamnyima mwanafunzi elimu ya muziki, na kwetu huku Pwani ya kusini yana hatari kubwa zaidi.

Nianze na mfano wa mbali, kwa kuwa huo unaweza kupimwa kwa saa na kwa nota zilizochapishwa. Mtunzi Mwingereza Edward Elgar alikamilisha simfonia mbili, zilizopigwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1908 na 1911, na kati yake akatoa konseto ya fidla mwaka wa 1910, yaani utungo mrefu ambamo fidla moja hujibizana na okestra nzima. Elgar hakuwa mtu wa kuwaachia wapigaji wakisie. Alizijaza nota zake maelekezo: hapa harakisha, hapa legeza, hapa nyanyua sauti kidogo. Mtu angedhani kuwa rekodi zote za kazi hizo zitalingana.

Hazilingani hata kidogo. Albert Sammons aliirekodi konseto hiyo mwaka wa 1929 kwa muda wa dakika 43 hivi. Yehudi Menuhin aliirekodi mwaka wa 1932, akiwa kijana wa miaka 16, akatumia dakika 50 hivi. Nigel Kennedy, katika rekodi yake ya mwaka wa 1984, alizidi dakika 53. Simfonia ya pili, ambayo Elgar mwenyewe aliiongoza mwaka wa 1927 bila kufikisha dakika 50, ilipita saa nzima mikononi mwa Giuseppe Sinopoli. Nota ni zile zile. Sammons husonga mbele kama mtu aliye na safari na anayeijua njia. Menuhin hutua na kuwaza. Kennedy hukaa juu ya kila huzuni mpaka msikilizaji aione. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Huenda msomaji akapinga kwamba hukumu ni ya mtunzi mwenyewe, na maadamu Elgar aliongoza rekodi zake, hiyo ndiyo sahihi na nyingine zote zimepotoka. Hoja hiyo ina uzito, lakini Elgar mwenyewe anaivunja. Aliirekodi konseto yake mara mbili. Mwaka wa 1916, akiwa na mpigaji Marie Hall, aliikatakata ili ienee katika pande nne za santuri, na akaongeza kinubi mahali ambapo nyuzi za okestra hudonolewa taratibu chini ya fidla, kwa kuwa mitambo ya siku hizo isingeweza kuinasa sauti hiyo nyembamba. Mwaka wa 1932, pamoja na Menuhin, aliirekodi nzima na bila kinubi. Aidha, alipoongoza hakuifuata kila mara kasi aliyoiandika kwa mkono wake. Na Menuhin alipenda kusimulia kwamba alipokwenda kumpigia mzee huyo kabla ya kurekodi, Elgar alisikiliza kidogo tu, akaridhika, kisha akaenda zake kutazama mashindano ya farasi. Mtunzi alimwamini kijana aliyekuwa ameisoma kazi yake, wala hakumtaka aige mtu.

Turudi nyumbani. Kampuni ya Gramophone, ile yenye nembo ya mbwa asikilizaye santuri, iliyorekodi kazi hizo za Elgar, ndiyo iliyomrekodi Siti binti Saad wa Unguja huko Bombay mwaka wa 1928. Santuri ya wakati ule ilibeba dakika tatu au nne kila upande. Je, tuseme kwamba nyimbo za Siti zilikuwa za dakika tatu? Kila aliyekaa kwenye taarabu anajua kuwa wimbo hurefushwa au hufupishwa kwa kadiri ya watu waliopo, tuzo zinazotolewa na usiku ulivyobaki. Waliojifunza kwa kumsikiliza Siti hawakugeuka kuwa kivuli chake. Bi Kidude, aliyefariki mwaka wa 2013, aliuimba wimbo wa Kijiti, unaosimulia kisa cha mauaji ya mwanamke, kwa sauti yake nzito yenye mikwaruzo ya umri. Kisa hakikubadilika, lakini uchungu wake ulikuwa mwingine. Anayemjua Bi Kidude peke yake anaujua wimbo nusu, na anayemjua Siti peke yake kadhalika.

Hapo ndipo kisiwa cha Funzi kinapoingia. Funzi iko kusini mwa Msambweni, na mtu huivukia kwa mashua kutoka Bodo. Wenyeji wake husema Kifundi, lahaja ya Kiswahili yenye wasemaji wachache, huku majirani zao wa Wasini na Vanga wakisema Kivumba, na bara yake wakiwapo Wadigo na ngoma zao. Katika mwambao kama huu wimbo mmoja wa arusi unaweza kubadilisha maneno, mwendo na hata beti kabla mashua haijafika bandari ya pili. Utajiri huo haukuandikwa nota.

Tofauti na Elgar ni hiyo. Rekodi zake zote zikiteketea leo, kesho okestra itafungua nota na kumpiga upya. Wimbo wa bibi wa Funzi hauna karatasi ya kufunguliwa. Yeye akiondoka, rekodi zake ndizo zitakazokuwa nota zake. Ikiwa imebaki rekodi moja tu, basi kikohozi cha siku ile, ubeti uliosahauliwa, au haraka ya mwenye kinasa sauti aliyeogopa kuachwa na mashua, vyote vitakuwa ndio wimbo. Wajukuu wataviiga kwa uaminifu mkubwa, na mwamuzi wa tamasha atawapa alama kwa kuvipatia.

Walimu wa Kiswahili wanalijua jambo hili kuliko mtu yeyote. Darasani tunafundisha kwamba fasihi simulizi hubadilika kulingana na fanani, hadhira na wakati. Kisha tunampa mwanafunzi matini moja kitabuni, naye anaikariri kama kwamba ilishuka ikiwa kamili. Tunalofundisha kwa mdomo tunalikana kwa vitendo.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Kwa wimbo wa lazima, mwalimu asiwape wanafunzi rekodi yoyote kabla hawajausoma na kuuimba wenyewe. Baadaye awape mbili au tatu zinazotofautiana, na awaulize ni wapi zimeachana na kwa sababu gani. Kwa nyimbo za kwetu, simu ile ile inayotumiwa kuiga itumiwe kuhifadhi. Wanafunzi wa Funzi, Bodo, Shirazi na Vanga waombe ridhaa ya wazee wao, wawarekodi watu watatu kwa wimbo mmoja, na mmoja wao wamrekodi kwa siku mbili tofauti. Waandike mahali, tarehe na lahaja. Nakala zisikae katika simu ya mtu mmoja. Shule iwe nayo, na aliyeimba apewe yake. Kisha darasa lizilinganishe: nani ameongeza ubeti, nani amepunguza mwendo, neno gani la Kifundi limegeuzwa Kiswahili sanifu kwa kumwonea haya mwalimu.

Neno hilo lililogeuzwa kwa haya lina somo zima ndani yake. Mwanafunzi atakayeligundua kwa kulinganisha rekodi mbili atakuwa amejifunza muziki, lugha na historia ya watu wake kwa pamoja. Asiyepata ila rekodi moja hatajua kamwe kuwa neno hilo lilikuwapo.