Barua ya Ajira Isomwe Kabla ya Kutiwa Sahihi

Kijana wa Ibadakuli aliyehitimu shahada ya uzamili, akiletewa barua ya kuajiriwa kuwa Mhadhiri Msaidizi katika chuo kikuu cha umma, kwa kawaida huitia sahihi siku hiyo hiyo. Jamaa husherehekea, na anayethubutu kuuliza masharti huonekana mlafi asiye na shukrani. Fikra hiyo ni potofu, na inashangaza hasa mkoani Shinyanga, ambako mfugaji hamwondoi ng'ombe mnadani kabla ya kumtazama meno.

Chimbuko la woga huu lafaa likumbukwe. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewaachia sehemu tu ya mishahara yao. Mwalimu Nyerere aliwafukuza wapatao 400, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Somo lile lilikuwa sahihi: msomi aliyesomeshwa kwa jasho la mkulima wa pamba hana ruhusa ya kujitenga naye. Lakini wapo wakubwa wa ofisi waliolifanya fimbo ya kumnyamazisha kila mtumishi anayeuliza. Mwalimu alikata mshahara wake. Hakumkataza mtu kusoma mkataba.

Katika chuo cha umma mshahara si jambo la mapatano ya mtu mmoja. Umewekwa katika ngazi za Serikali, na wenye kuujadili ni vyama vya wafanyakazi, kwa mujibu wa Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma ya mwaka 2003. Anayemwendea Makamu Mkuu wa Chuo kudai alipwe kama mhandisi wa mgodi wa Geita au Bulyanhulu anapoteza wakati wake na wa taifa.

Yako mengine, hata hivyo, na hayo ndiyo mazito. Mwenye shahada ya uzamivu huajiriwa kuwa Mhadhiri, si Mhadhiri Msaidizi. Cheo kikiandikwa vibaya, kukisahihisha baadaye ni kazi ya kuzungushwa kutoka dirisha hili hadi lile. Aliye na uzamili asipopata ruhusa ya kusomea uzamivu atazeekea ubaoni na cheo kile kile. Akipangiwa, kwa mfano, kampasi ya Kizumbi ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, mwendo mfupi kutoka Ibadakuli, hana shida ya nyumba, na aulize zaidi juu ya idadi ya vipindi na nafasi ya utafiti. Atokaye mbali aulize nauli na fedha za kujikimu.

Afisa Utumishi anayejibu maswali hayo kwa kusema kwamba wanaoitaka nafasi ni wengi hamjengei nchi chuo. Wapo wahadhiri waliohamia migodini ambao fedha haikuwa sababu yao ya kwanza. Waliahidiwa ruhusa ya masomo kwa mdomo, na miaka mitatu baadaye halikupatikana jalada lenye ahadi hiyo.