Sadaka yenye bei

Kinyume cha bure tunakijua sote: bei, ada, nauli, kiingilio. Sokoni maneno hayo hayana ubaya. Lakini chupa ya mafuta ya upako ikipangiwa kiasi, na asiye nacho akarudishwa mlangoni, hiyo si sadaka wala “mbegu”, hata ikiitwa hivyo. Ni bei.

Soma 2 Wafalme 5. Naamani alipotakaswa ukoma, Elisha alikataa zawadi zake zote. Gehazi, mtumishi wake, akamfuata mbio yule mgeni, akamdanganya, akapokea talanta mbili za fedha na mavazi mawili. Ukoma ukahamia kwake.

Basi leo ukidaiwa fedha kabla ya kuombewa, uliza kwa upole: huyu mama mjane aliye nyuma yangu kwenye foleni, asiye na kitu, naye ataombewa?