Msizike mzoga kabla haujapasuliwa
Mwandishi, hapo pa “kuku akizubaa mpe tetrasaiklini kwanza” sikubaliani nawe. Ugonjwa wa mdondo unaletwa na kirusi, antibayotiki kama hiyo haiuwezi. Na wewe uliyependekeza shubiri hapo juu, shubiri nayo haiuwezi. Kinga ni chanjo ya matone ya jichoni, tena irudiwe kila miezi mitatu. Halafu si kila kifo ni mdondo jamani! Kwetu Muheza vifaranga walikufa mfululizo, mtaa mzima ukaapa ni mdondo. Mama mkwe akatukataza kuzika. Mzoga ukawekwa penye barafu (usigande lakini), ukapelekwa maabara ya mifugo. Kumbe koksidiosisi, vimelea vinavyopenda maranda yenye unyevu. Tukapewa amproliamu ya kuchanganya na maji, maranda tukayatupa yote, waliobaki wakapona. Ila mzoga ushikwe kwa glavu, sio mikono mitupu.