Elimu ya Anga Nayo ni Yetu



Wapenzi wasomaji, kuna kauli ninayoisikia mara kwa mara kwa wanafunzi wetu wa Kibaha, na hata kwa ndugu zetu wa Kisarawe. Mwanafunzi anafika kidato cha tatu, anaacha fizikia. Ukimuuliza anajibu, "Ustadhi, mambo ya ndege na roketi ni ya Wazungu." Wapo na wazazi wanaomuunga mkono. Mimi nasema kauli hiyo si ya kweli, na inatutia hasara.

Tuanze na pwani yetu wenyewe. Huko Ngomeni, karibu na Malindi nchini Kenya, Waitaliano walisimamisha jukwaa baharini liitwalo San Marco. Kati ya mwaka 1967 na 1988 satelaiti zilirushwa kutoka hapo. Kwa nini waje mbali kote huko? Kwa sababu Malindi ipo karibu na Ikweta. Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na penye Ikweta kasi yake ni takriban kilomita 1,670 kwa saa. Roketi ikielekezwa mashariki huipata kasi hiyo bure. Tena mbele yake ni bahari tupu, hivyo vipande vinavyodondoka haviwaangukii watu.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, ilirushwa pale satelaiti iliyopewa jina la Uhuru. Ndiyo ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Lakini tujiulize: satelaiti ilikuwa ya Wamarekani, roketi ya Wamarekani, jukwaa la Waitaliano. Sisi tulitoa bahari na jina. Kuwa karibu na Ikweta ni neema ya Mwenyezi Mungu, ila neema isiyo na elimu huwafaidisha wengine.

Alhamdulillahi, hali imeanza kubadilika. Tarehe 15 Aprili 2023 satelaiti ya Kenya, Taifa-1, iliyosanifiwa na wahandisi Wakenya, ilirushwa kutoka California. Roketi bado ni ya wenzetu, lakini usanifu ni wa watu wa hapa hapa Afrika Mashariki. Hakuna anayefika hapo kwa kuikimbia fizikia.

Wengine wanahofu kwamba elimu hii itamtoa mtoto katika dini. Mwaka 2007, Ramadhani ikielekea ukingoni, Dk. Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alikwenda kwenye kituo cha kimataifa cha anga. Kituo kile huizunguka dunia kwa takriban dakika 90, kwa hiyo jua huchomoza na kuzama kama mara 16 kwa siku. Je, atasali Magharibi ngapi? Wanazuoni wa Malaysia walikaa na wataalamu wakatoa mwongozo: sala ni zile zile tano ndani ya saa 24, kwa kufuata nyakati za mahali aliporushwa, na kibla aelekee kadiri awezavyo. Tazameni, mwongozo huo ulihitaji fiqhi na ulihitaji fizikia. Kimoja peke yake kisingetosha.

Basi mzazi, usimtoe mtoto madrasa kwa ajili ya hisabati, wala usimnyime hisabati kwa ajili ya madrasa. Na binti naye ana haki hiyo hiyo. Sekondari ya Kibaha na ya Minaki zipo hapa hapa kwetu. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, kinafundisha matengenezo ya ndege. Na sisi walimu tusikae pembeni: napendekeza kila madrasa itenge saa moja kwa wiki, wakubwa wawafundishe wadogo hisabati.

Wanafunzi wangu, ndege zinapita juu ya vichwa vyetu kila siku. Msiridhike kuzihesabu tu. Ulizeni zinavyoruka, kisha someni mpaka mjue.

Wabillahi tawfiq.