Kabla hujapaka krimu ya madoa, soma lebo

Najua hayo madoa yanakukera. Chunusi ziliponiachia ramani mashavuni, nilinunua kikopo tao kwa sababu muuzaji aliapa, "Wiki moja tu, siz!" Kweli, uso ulitakata. Kisha ukaanza kuwasha, na madoa yakarudi meusi zaidi.

Kikopo chenyewe hakikutaja viambato. Hapo ndipo noma iko: zebaki imepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, lakini krimu zenye zebaki bado zinauzwa, na huharibu figo, si ngozi pekee.

Kwa hivyo soma lebo kwanza. Hakuna viambato? Rudisha. Imeandikwa clobetasol? Hiyo ni dawa ya daktari. Tafuta asidi ya azelaiki, na kila asubuhi jipake sunskrini ya SPF 30, maana jua ndilo hukoleza madoa. Halafu jipe miezi mitatu. Mimi niko wa pili.