Usajili wa Simba tunaujua, wa kwetu je?

Tunaambiwa mara nyingi, na watu wenye nia nzuri, kwamba sisi vijana wakimbizi tunapoteza muda. Eti tunakaa chini ya mti tukibishana Simba amwache nani, Yanga amuuze nani, chipukizi gani apewe namba, wakati mafunzo ya kutengeneza sabuni yana viti vitupu. Ndugu zetu wa mashirika, na ninyi wakubwa wetu mnaorudia maneno hayo, leo tunawajibu. Na tukimaliza na ninyi, tuna neno pia kwa vijana wenzetu.

Chukueni Simba ya 2024. Tarehe 5 Novemba 2023 ilikuwa imepigwa 5-1 na Yanga. Kocha akaondoka, akaja mwingine, naye akaondoka kabla ligi haijaisha. Mwisho wa msimu Simba ikawa ya tatu, nyuma ya Yanga na Azam, Ligi ya Mabingwa ikawaponyoka. Ndipo wakafagia nyumba. Chama akahamia Yanga, jambo ambalo kuna watu hapa Gatumba bado hawajalisamehe. Inonga, beki wetu Mkongomani, akaenda AS FAR ya Morocco. Saido Ntibazonkiza, mtoto wa Bujumbura, ambaye msimu wa 2022/23 alikuwa mfungaji bora pamoja na Mayele, mabao 17 kila mmoja, akaachwa. Akaletwa kocha Fadlu Davids na kundi la vijana ambao majina yao tulikuwa tunajifunza kuyatamka: Ahoua, Mukwala, Mutale.

Hapa kwetu watu wakagawanyika pande mbili. Upande mmoja ulisema timu kubwa haijengwi na watoto, rudisheni wazee wanaojua presha ya Dar es Salaam. Upande wa pili ukasema wapeni misimu miwili, mtaona. Ubishi ulichukua miezi. Watu walihesabu umri wa kila mchezaji, miaka iliyobaki kwenye mkataba wake, dakika alizocheza. Kuna kijana hapa ambaye hakumaliza hata shule ya msingi lakini anaweza kukueleza kwa nini mchezaji wa miaka 22 mwenye mkataba wa miaka mitatu ana bei kuliko wa miaka 31 mwenye miezi sita. Huyo mnamwambia anapoteza muda?

Matokeo mnayajua. Ahoua alimaliza ligi ya 2024/25 akiwa mfungaji bora, mabao 16. Simba ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho, Mei 2025, fainali yake ya kwanza ya Afrika tangu 1993. (Mwaka ule wa 1993 waliowafunga ni Stella ya Abidjan, klabu ileile alikotoka Ahoua. Dunia ni ndogo jameni.) Wakafungwa na RS Berkane, 2-0 kule Morocco, halafu sare 1-1 Zanzibar. Ligi ikaenda Yanga tena. Septemba 2025 Fadlu mwenyewe akaondoka, akarudi Raja Casablanca. Kwa hiyo pande zote mbili zina hoja hadi leo, na ubishi unaendelea. Ni sawa kabisa. Ubishi huo unafundisha kwamba kujenga timu si kazi ya siku moja, kwamba kijana akikosea mechi tatu hujamaliza kumjua, na kwamba mwenye subira bila mpango naye anafungwa tu.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Usajili. Dirisha la usajili likifunguliwa tunakuwa macho usiku, tunanunua mega za mwisho kujua nani kasaini wapi. Lakini sisi tuna usajili mwingine, ule wa foleni, wa alama ya kidole, wa karatasi unayoifunga kwenye mfuko wa plastiki ili mvua ya Rusizi isiifute. Neno ni moja. Mpaka leo watu wengi wanadhani ni mambo mawili tofauti. Sisi tunasema ni jambo moja.

Mfano uko palepale Simba: Kibu Denis. Alizaliwa Kongo, akaingia Tanzania kama mkimbizi akiwa mtoto. Alicheza mpira, akaonekana, akapita Mbeya City, akafika Simba mwaka 2021. Mguu ulikuwa uleule, mapafu yaleyale. Lakini hakuwa na haki kamili ya kuvaa jezi ya Taifa Stars mpaka serikali ilipompa uraia, mwaka huohuo wa 2021. Kilichokuwa kinakosekana ni karatasi. Tarehe 15 Desemba 2024, pale kwa Mkapa, Simba ilikuwa inaelekea sare na CS Sfaxien. Kibu alikuwa ameshafunga moja, akafunga la pili dakika za nyongeza, 2-1. Siku ile hakuna aliyeuliza alitokea wapi. Akikosa mechi inayofuata, maneno yanarudi: “mkimbizi huyo, arudi kwao”. Na tuseme ukweli, maneno hayo hatuyasikii kwa Watanzania tu. Tumeyasikia hapahapa, kutoka kinywani mwa mkimbizi mwenye jezi nyekundu.

Tazameni ekipe yetu. Ukisoma karatasi za wachezaji, karibu nusu wamezaliwa tarehe 1 Januari. Ajabu, si ndiyo? Ni kwa sababu mama alifika akiwa amechoka, foleni ilikuwa ndefu, aliulizwa tarehe akasema mwaka tu, au hakusema kitu, na anayeandika akaweka moja ya mwezi wa kwanza ili aendelee na mwingine. Kwa ajili ya kupata unga haina shida. Kwa ajili ya mpira ni hukumu.

Tuna kiungo mmoja, jina lake hatuliweki hapa. Karatasi inasema alizaliwa tarehe 1 Januari 2008. Mama yake anakataa. Anasema alimzaa wiki ile Mazembe ilipowapiga Wabrazili. Mkongomani yeyote anaijua wiki hiyo: tarehe 14 Desemba 2010, Abu Dhabi, TP Mazembe 2, Internacional 0, klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya dunia. Anasema mume wake alikimbilia kwa jirani kusikiliza redio na yeye akabaki na mkunga. Mama huyu hajui sheria ya kuotea lakini tarehe anayo, na ni karibu miaka mitatu mbali na ile ya karatasi. Kijana ni mdogo, karatasi inasema ni mkubwa. Kwa hiyo hawezi kucheza na wenzake wa umri wake, na akichezeshwa na wakubwa wanamuona mdogo asiye na nguvu, wanamwacha. Chipukizi gani hapo? Ameshazeeka kwenye karatasi kabla hajaota ndevu.

Na hapa tunaomba watu wa mashirika msome polepole, kwa sababu kuna pesa ndani yake, na pesa mnaielewa.

Sheria za FIFA, kifungu cha 19, zinazuia mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa kwa sababu chache. Mojawapo ya sababu hizo ni mtoto aliyekimbia nchi yake kwa kuokoa maisha. Yaani mlango upo, umewekwa kwa ajili ya watoto kama wetu, lakini unafunguliwa kwa hati zinazothibitisha yeye ni nani na yuko hapa kwa hali gani. Halafu kuna mchango wa mshikamano: mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya ada inagawanywa kwa klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 mpaka 23. Kila msimu wa miaka 12 mpaka 15 ni robo ya asilimia moja, na kila msimu wa 16 mpaka 23 ni nusu ya asilimia. Piga hesabu. Klabu iliyomlea mtoto kwa misimu sita, kuanzia 12 mpaka 17, ina asilimia 2. Akiuzwa kwa dola milioni moja, hiyo ni dola 20,000. Tangu Novemba 2022 malipo hayo yanapitia chombo maalumu cha FIFA kinachosoma pasi ya kielektroniki ya mchezaji, na pasi hiyo inajazwa na majina yaliyoandikwa kwenye mashirikisho ya nchi. Kama hujaandikwa, ulimlea bure.

Saido Berahino alizaliwa hapa Bujumbura, akakimbia vita akiwa na miaka 10, akalelewa na West Bromwich Albion ya Uingereza. Mwaka 2017 Stoke City ilimnunua kwa pauni milioni 12. Hakuna klabu ya Burundi iliyokuwa na msimu hata mmoja kwenye hesabu yake, aliondoka mdogo mno. Hiyo tunaielewa. Lakini hawa wetu hawajaondoka. Wapo hapa, wana miaka 12, 13, 14, wanacheza kila jioni, na misimu yao inapita bila kuandikwa popote.

Badala yake tunapewa nini? Mashindano ya siku moja. Inafika tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, shirika moja linakuja na fulana nyeupe, mipira na juisi. Timu nane zinacheza dakika kumi na tano kila moja kwa sababu saa kumi gari lazima liondoke. Foto zinapigwa. Mipira inarudishwa ndani ya gari, kweli kabisa, inahesabiwa na kurudishwa. Mwaka unaofuata anakuja mtu mwingine, na fulana nyingine, anatuuliza: “Je, mna ekipe hapa?” Ndugu zetu, mngemfanyia hivyo kocha wa Simba, mngempa siku moja halafu muandike ripoti kwamba amejengwa, mngechekwa mpaka Mbagala.

Mtatuambia wakimbizi hawakai mahali pamoja. Ni kweli, na sisi tunajua kuliko ninyi. Mwanzoni mwa 2025 wenzetu waliovuka Rusizi walilala kwenye uwanja wa Rugombo, kule Cibitoke. Uwanja wa mpira ukawa nyumba, familia zikatandika mikeka mahali pa kupiga penalti. Halafu mabasi yakawapeleka Musenyi, Rutana. Basi moja likiondoka linaweza kubeba safu nzima ya ulinzi. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuandika, si sababu ya kutoandika. Ntibazonkiza alicheza Burundi, Uholanzi, Poland, Uturuki, Ufaransa na Tanzania, na kote alikopita iko karatasi inayosema alikuwepo. Kijana anayehamishwa kutoka Gatumba kwenda Musenyi anafika kama mtu ambaye hajawahi kugusa mpira.

Wanaofaidika na hali hii ni madalali. Mnawajua, wana viatu vizuri na simu mbili. Wanamwendea mzazi: kijana wako ana kipaji, nina mtu Dar, nina mtu Kampala, toa pesa ya majaribio, toa ya pasipoti. Mzazi anauza simu, anauza kitenge. Dalali anapotea. Mtoto mwenye jina kwenye daftari la klabu inayojulikana angekuwa na mtu wa kuuliza kwa niaba yake.

Na ninyi vijana wenzetu sasa, wazee wa dirisha. Mnajua mkataba wa Mpanzu. Mnajua Mayele aliuzwa Pyramids mwaka 2023, na Juni 2025 akawafungia kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa wakachukua kombe, na mlilia kama mmefiwa kwa sababu angekuwa bado Jangwani. Vizuri. Tutajieni majina ya watoto watano wa chini ya miaka 15 wanaocheza hapa nyuma ya soko, na mguu wanaotumia. Kimya. Akili hiyohiyo ya kuhesabu dakika za Ahoua inatosha kabisa kuhesabu dakika za mtoto wa jirani. Watu wa nje wakisikia Gatumba wanakumbuka usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, ambapo zaidi ya watu 150 wa kwetu waliuawa kambini, wengi wao wanawake na watoto. Nasi hatusahau. Ila waliopo hai nao wanahitaji mtu wa kujua majina yao.

Tunachodai ni kidogo, na hakina fulana. Kwanza, ligi ya misimu miwili kamili, hata kama ni timu sita na mipira mitatu, na mipira ibaki hapa. Pili, shirika lolote lenye mwanasheria litusaidie kusahihisha tarehe za kuzaliwa kwa watoto ambao wazazi wana ushahidi. Tatu, tukutanishwe na klabu moja ya Bujumbura iliyo mwanachama wa shirikisho, ikubali kuandika watoto wetu kihalali, na sisi tutafanya kazi ya kuwaleta mazoezini.

Wakati tunasubiri jibu, daftari tumeshalifungua. Lina kurasa 96 na tumelifunika na nailoni. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi, kwenye uwanja kama maji hayajapanda, na kama yamepanda basi mbele ya kanisa. Leteni karatasi mliyonayo na nakala yake. Tutaandika jina, namba anayocheza, mguu, timu, msimu na mtu wa kumlea. Wamama njooni pia, tarehe za kweli mnazo ninyi. Hata kama unachokumbuka ni mechi tu, tutaitafuta ilichezwa siku gani.